Chungwa la Krismasi na Harufu Yake

Natumaini kwamba matayarisho ya Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana yanaendelea vema. Huenda mama yuko jikoni sasa hivi, na watoto wako sakafuni wakikata karatasi za rangi za kupambia ukuta. Basi leo nataka tuzungumze juu ya pambo moja dogo ambalo halinunuliwi dukani. Ni pambo lenye harufu nzuri, nalo hutengenezwa kwa chungwa na karafuu.

Nililiona mara ya kwanza nilipokuwa mtoto wa Shule ya Jumapili huko pwani, yapata miaka 60 iliyopita. Mwalimu wetu alikuja na kikapu cha machungwa, karafuu zilizofungwa katika karatasi ya gazeti, na sindano nene moja moja kwa kila kikundi. Akatuonyesha jinsi ya kufanya. Chagua chungwa gumu, lisilo na jeraha. Funga utepe kulizunguka kama mtu afungavyo kifurushi. Kisha toboa ganda kwa sindano, chomeka karafuu, kichwa chake kibaki nje. Toboa tena, chomeka tena, mstari baada ya mstari, mpaka ganda lote lijae. Mwisho ligaragaze katika unga wa mdalasini, ulifunge katika karatasi, uliweke mahali pakavu penye hewa kwa majuma kadhaa. Chungwa litakauka na kusinyaa, litakuwa gumu na jepesi, nalo litanukia kwa muda mrefu.

Mwalimu alituonya jambo moja. Alisema, "Msiwe wavivu mkaacha nafasi kubwa. Chungwa lililochomekwa nusu huoza." Nasi tulicheka, lakini mmoja wetu hakusikia, na baada ya juma moja chungwa lake lilikuwa limeota ukungu wa kijani. Mafuta yaliyomo katika karafuu ndiyo huzuia ukungu. Mahali ambapo karafuu haikufika, uozo huingia.

Siku ile alikuwapo bibi mmoja mzee wa kanisa letu, aliyekuja kutusaidia. Alikaa kwenye mkeka pamoja nasi. Alichukua karafuu moja, akaitazama sana, akaichomeka katika chungwa langu na kusema polepole, "Hii ni ya mama mkubwa." Sikumwelewa. Nitawaeleza maneno hayo yalikuwa na maana gani, lakini kwanza yatupasa kujua historia ya pambo hili, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo Mkristo hawezi kulipita hivi hivi.

Desturi ya kubeba tunda la manukato ilienea Ulaya karne nyingi zilizopita. Wafaransa waliliita kwa jina lenye maana ya tofaa la ambari. Ni ambari ile ile ambayo wazee wetu wa pwani waliiokota ufuoni, itokayo katika tumbo la nyangumi. Mwanzoni lilikuwa donge la manukato lililotiwa katika kijumba kidogo cha fedha au dhahabu, likaning'inizwa shingoni au kiunoni. Watu wa siku zile waliamini kwamba magonjwa huletwa na hewa yenye harufu mbaya. Tauni kuu iliingia Uingereza mwaka 1348 na kuua watu wengi mno, na kwa muda mrefu baadaye kila aliyeweza alijikinga kwa manukato. Kardinali Thomas Wolsey, aliyefariki mwaka 1530, alipopita katikati ya watu alishika mkononi chungwa lililotolewa nyama yake, ndani limetiwa sponji yenye siki na vitu vya kuzuia hewa mbaya. Habari hiyo aliiandika mtumishi wake mwenyewe, George Cavendish.

Je, chungwa lile liliweza kuzuia tauni? La, hasha. Ilikuwa mwaka 1894, huko Hong Kong, ndipo daktari Alexandre Yersin alipokitambua kijidudu chenyewe, na mwaka 1898 mwenzake Paul-Louis Simond akaonyesha kwamba ugonjwa huo huletwa na viroboto watokao kwa panya. Kwa karne nyingi, basi, wakubwa walinusa machungwa yao huku panya wakipita chini ya vitanda vyao. Harufu nzuri ilifunika uvundo, lakini haikuondoa ugonjwa. Nawaomba mliweke neno hilo moyoni, maana tutalirudia.

Siku hizi hakuna ashikaye chungwa kwa ajili ya kuogopa tauni. Limebaki kuwa pambo la Krismasi katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, likiwekwa mezani au kutundikwa mtini. Sisi wa pwani pia tuna mapambo ya manukato tangu zamani. Nani hajui kikuba cha asumini na rehani, au udi unaofukizwa nyumbani wakati wa arusi? Kwa hiyo chungwa la karafuu halikutushangaza sana sisi watoto. Kuhusu machungwa mwalimu wetu alijua mengi. Aliyejua habari za karafuu alikuwa yule bibi.

Karafuu ni ua ambalo halijachanua. Mchumaji hupanda mti, naye huchuma vikonyo vyenye vichwa vidogo wakati vinapoanza kugeuka rangi kutoka kijani kuwa vyekundu kidogo. Akichelewa, ua hufunguka, na thamani yake hupungua. Baada ya kuchuma, karafuu huchambuliwa kutoka makonyo yake, huanikwa juani juu ya mikeka, na kwa siku chache huwa za rangi ya hudhurungi na ngumu kama misumari. Ndiyo maana katika lugha kadhaa za Ulaya jina lake latokana na neno lenye maana ya msumari. Sisi tumelipokea jina letu kutoka kwa Waarabu.

Kwao pa asili ni visiwa vidogo vya Maluku, huko Indonesia, visiwa kama Ternate na Tidore. Kwa muda mrefu mikarafuu haikuota penginepo popote duniani. Wafanya biashara walizipeleka karafuu mpaka Uchina, Bara Hindi, Uarabuni na Rumi. Mwaka 1602 Waholanzi waliunda kampuni yao kubwa ya biashara ya Mashariki. Ili bei isishuke, waliamuru mikarafuu ikatwe katika visiwa vingine na kubakizwa Ambon na visiwa vya jirani peke yake. Watu walioishi kwa miti hiyo tangu enzi za babu zao waliona mashamba yao yakiharibiwa, na waliopinga waliadhibiwa vikali. Mwaka 1770 Mfaransa mmoja, Pierre Poivre, alifaulu kupata miche kwa siri na kuifikisha kisiwa cha Mauritius. Kutoka visiwa hivyo vya Wafaransa, mwanzoni mwa karne ya 19, miche ikafika Unguja.

Hapo ndipo habari hizi zinapotufikia sisi. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, aliuona udongo wa Unguja na Pemba kuwa unaifaa sana mikarafuu. Yasimuliwa kwamba aliamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi alio nao. Naye mwenyewe alihamishia makao yake Unguja, na kufikia katikati ya karne hiyo visiwa hivyo vilikuwa vinaongoza ulimwengu kwa karafuu. Mabaharia walisema kwamba harufu yake iliweza kusikika baharini kabla nchi haijaonekana.

Lakini nani alizichuma? Mkarafuu ni mti mrefu, na msimu wake hauna subira. Karafuu zote zahitaji kuchumwa kwa majuma machache, kwa mkono. Kazi hiyo ilihitaji watu wengi, na watu hao walitekwa bara. Walitoka pande za Ziwa Nyasa na kwingineko, wakatembezwa kwa miguu wakiwa wamefungwa mpaka Kilwa na bandari nyingine, wakapakiwa katika majahazi kama mizigo. Wengi walikufa njiani. Waliofika waliuzwa katika soko la Mkunazini, mjini Unguja. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo mahitaji ya watumwa huko Pemba yakazidi.

Ndugu zangu, fikirini jambo hili. Katika miaka hiyo, karafuu iliyonukia katika vyakula na mapambo ya Krismasi huko ng'ambo yamkini ilichumwa na mtu aliyenyang'anywa kwao, asiye na ujira, asiyejua mama yake yuko hai au amekufa. Mwenye nyumba aliimba habari za Mtoto wa Bethlehemu, na harufu ikajaa chumba, naye hakuuliza imetoka wapi.

Tarehe 5 Juni 1873, baada ya kushurutishwa na Waingereza, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko yao. Mahali pale pale palipokuwa soko la Mkunazini pakapatikana na wamishenari, na Siku ya Krismasi ya mwaka huo huo, 1873, liliwekwa jiwe la msingi la kanisa. Kanisa hilo lasimama mpaka leo. Wazee husema kwamba meza ya Bwana imewekwa mahali uliposimama mti wa kuwachapia watumwa. Je, kuna zawadi ya Krismasi iliyo bora kuliko hiyo? Mahali pa kuuzia watu pakawa mahali pa kuhubiria habari njema kwa maskini.

Hata hivyo mambo hayakuisha siku moja. Utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali Unguja na Pemba hadi mwaka 1897, na katika pwani yetu ya Kenya hadi mwaka 1907. Majahazi yaliendelea kuvuka usiku kwenda Pemba, na manowari za Kiingereza ziliyawinda. Watu waliookolewa walihitaji mahali pa kukaa. Ndipo mwaka 1875 ndugu wa Church Missionary Society walipoanzisha kijiji cha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa Kisauni. Kila apitaye Kengeleni huiona kengele ile ambayo, kwa masimulizi ya wenyeji, ililizwa kuwaonya watu wanapokuja wavamizi. Na huko Rabai, ambako Krapf na Rebmann walikuwa wametangulia, watumwa waliotoroka kwa mabwana zao walikimbilia misheni. Na tarehe 1 Januari 1889 zaidi ya 1,400 kati ya waliokimbilia misheni za pwani walipewa hati za uhuru wao baada ya mabwana kulipwa fidia.

Sasa narudi kwa yule bibi. Baada ya kipindi cha Shule ya Jumapili alituambia, "Wajukuu wangu, kaeni kidogo." Akatusimulia habari za mama yake. Mama yake alitekwa akiwa msichana mdogo, pamoja na dada yake mkubwa. Walitembea pamoja mpaka pwani, mkubwa akimbeba mdogo alipochoka. Huko walitenganishwa, wakatiwa katika majahazi mawili yaliyokuwa yakienda Pemba. Usiku ule jahazi la mdogo likakamatwa na manowari, naye akaletwa Freretown. Huko alisoma, akabatizwa, akaolewa, akazaa. Jahazi la dada yake halikukamatwa.

"Mama alimngoja maisha yake yote," bibi yule alisema. "Kila jahazi lililotoka Pemba, alikwenda kutazama. Na kila aliponusa karafuu, aliacha alichokuwa akifanya. Alikuwa akisema, huenda hii imeshikwa na mkono wa dada yangu."

Kwa hiyo karafuu ile moja ilikuwa ya mama mkubwa, ambaye bibi yetu hakumwona kamwe. Hakutukataza kutengeneza mapambo. Hakusema karafuu ni dhambi. Alituambia tu, "Chomekeni, wanangu, na nyumba zenu zinukie. Lakini mjue kuna mtu aliyezichuma."

Wapenzi, maneno hayo nimeyasikia katika Maandiko pia. Katika sura ya kwanza ya Isaya, Mungu anawaambia watu wake kwamba uvumba wao umekuwa chukizo kwake. Si kwamba uvumba ulikuwa mbaya, kwa maana Yeye mwenyewe aliagiza utengenezwe. Ni kwamba mikono iliyouleta ilikuwa imejaa damu. Kisha anawaambia wafanye nini: wajifunze kutenda mema, wamsaidie aliyeonewa, wamtetee yatima na mjane. Na Yakobo, katika sura yake ya tano, awaambia matajiri kwamba ujira wa wavunaji waliouzuia unapiga kelele, na kilio cha wavunaji kimefika masikioni mwa Bwana. Tazama basi: sisi twanusa harufu ya mavuno, lakini Mungu husikia sauti ya mvunaji.

Nami sina haki ya kumhukumu mtu wa zamani, kwa sababu jambo hili limenipata mimi mwenyewe. Mwaka mmoja, nilipokuwa nikiishi Nairobi na jamaa yangu, tulikuwa na msichana aliyetusaidia kazi za nyumbani. Mwezi wa Desemba alikaa na watoto wetu jioni nyingi, akiwatobolea machungwa ili wasijichome na sindano. Vidole vyake vilinukia karafuu. Siku mbili kabla ya Krismasi aliniomba mshahara wake ili aende kwao. Nilikuwa sijamlipa kwa miezi miwili. Nilimwambia, "Ngoja Januari, dada, sasa kuna gharama nyingi." Aliitika kwa adabu, akaondoka na nauli tu.

Asubuhi ya Krismasi tuliamka, na nyumba yote ilinukia vizuri. Tulisoma habari za mamajusi, jinsi walivyomletea Mtoto dhahabu, uvumba na manemane. Binti yangu mdogo akauliza, "Baba, yeye aliyetutengenezea amepata zawadi gani?" Sikuwa na jibu. Nikamkumbuka yule bibi kwenye mkeka. Nikaona kwamba nilikuwa kama wale wakubwa wa zamani: nimeshika chungwa puani, na ugonjwa uko ndani ya nyumba yangu, ndani ya moyo wangu. Nilitubu, na fedha zile nilizipeleka kwa shangazi yake pamoja na maneno ya kuomba radhi. Alizipokea, na alinisamehe. Lakini hakurudi, na ile Krismasi aliyokwenda kwa mama yake mikono mitupu siwezi kumrudishia.

Msikilizaji wangu, wewe je? Huenda una mtu anayechunga ng'ombe wako, anayechuma chai yako au kahawa yako, anayekufulia nguo, anayelinda lango lako usiku huku wewe umelala. Umemlipa? Usimwambie angoje Januari. Watoto wake nao watakula Krismasi. Huenda hujamdhulumu fedha, bali humjui hata jina la kijiji chake wala habari za watoto wake. Anza leo kumwuliza. Nawe uliyedhulumiwa, unayesikiliza ukiwa katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mtu mwingine, jua kwamba Bwana amesikia sauti yako. Yeye mwenyewe alizaliwa mahali pa wanyama, kwa kuwa nafasi haikupatikana.

Mtume Paulo, katika waraka wake wa pili kwa Wakorintho, sura ya pili, asema kwamba sisi tulio wake Kristo ni manukato yake mbele za Mungu. Manukato hayo hayanunuliwi sokoni. Kule Bethania, Mariamu alipoyamimina marhamu ya thamani miguuni pa Yesu, nyumba yote ilijaa harufu, naye Yuda akasema kwa kinywa habari za maskini hali moyoni ni mwizi. Tusimfuate Yuda, anayetaja maskini bila kuwapenda. Wala tusimwache mvunaji akilia nje huku sisi tukifukiza ndani. Kristo alitoa nafsi yake kwa misumari ya kweli ili sisi tuwe huru, naye ataka uhuru huo ufike mpaka jikoni kwetu na shambani kwetu.

Basi tengenezeni machungwa yenu, mkiwa pamoja na watoto. Ni kazi nzuri ya jioni. Chomekeni karafuu mpaka ganda lijae, pasibaki mahali pa uozo kuingia. Na vivyo hivyo msimwachie Mungu nusu ya moyo tu. Mimi kila mwaka hutengeneza moja. Karafuu ya kwanza huichomeka nikisema, hii ni ya mama mkubwa. Ya pili ni ya yule msichana. Nasi tukisha kumaliza, kabla ya kulitundika chungwa, twatazama daftari ya nyumbani tuone kama kuna mtu tunayewiwa naye.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyezaliwa katika umaskini, tufundishe kusikia wale usiowasahau. Utusamehe kwa kila harufu nzuri tuliyoifurahia bila kuuliza. Utusaidie kulipa tunachodaiwa, na kumpenda aliye karibu nasi. Nyumba zetu na zikupendeze wewe. Amina.